KCSAN: kama unagusa loku za keneli ya Linux, iwashe

Jamani kama unaandika kodi za keneli (kiini) ya Linux, hasa zile za loku, yaani kufuli za kuzuia thredi mbili (mikondo ya kazi) zisiguse data ileile kwa pamoja, na bado hujawasha KCSAN, kikaguzi kinachonasa "data race", yaani thredi zikigongana kwenye memori ileile, unajinyima bure. Imo ndani ya keneli yenyewe tangu toleo la 5.8 mwaka 2020, hulipii kitu, unaweka CONFIG_KCSAN=y unabildi na GCC au Clang kuanzia 11 basi.

Inavyofanya kazi ndo imeniteka. Kompaila inapachika ukaguzi kila panaposomwa au kuandikwa memori, halafu mara mojamoja inachagua sehemu, inatega kwenye ile anwani na kuichelewesha hiyo thredi maikrosekunde 80 hivi, ikisubiri mwingine aje aguse palepale. Akigusa, na mmoja wao anaandika, unaona "BUG: KCSAN: data-race in" na fankisheni zote mbili zimetajwa, anwani, baiti ngapi, thredi ipi kwenye prosesa ipi. Hakuna pa kubishia.

Na kodi ya loku ndo inaihitaji kuliko zote maana yenyewe haina loku ya kuilinda. Angalia mutex, loku inayoshikwa na mmoja tu kwa wakati, anayesubiri anazunguka huku anachungulia owner->on_cpu ajue kama mwenye loku bado anakimbia, na hiyo thamani inabadilishwa na prosesa nyingine muda wowote. Ukisoma kienyeji kwenye lupu isiyo na bariya (kizuizi cha kulinda mpangilio wa kusoma na kuandika memori), kompaila ina ruhusa ya kusoma mara moja tu ikazunguka milele, ndo maana pale pamewekwa READ_ONCE, inayoilazimisha kompaila isome upya kila mzunguko.

Ila tafadhali msibandike READ_ONCE ili ripoti inyamaze tu! Hiyo inaibana kompaila, haikupangii mfuatano kati ya prosesa, ukitaka huo tumia smp_load_acquire na smp_store_release. Kama kweli mgongano hauna madhara, mfano kaunta ya takwimu, weka data_race(), inayoiambia KCSAN ipapuuze hapo, na uandike komenti ya sababu.

Kinachoniudhi ni setingi za mwanzo, zimelegezwa mno, uandishi wa kawaida kwenye memori, uliopangika sawasawa na usiozidi saizi ya neno la prosesa (baiti inazoshika kwa mkupuo), inauchukulia salama. Kwa loku washa CONFIG_KCSAN_STRICT isiyolegeza hivyo, na toka 5.17 ongeza CONFIG_KCSAN_WEAK_MEMORY inayonusa baadhi ya bariya zilizosahaulika. Nzito pia, ibaki kwenye mashine ya majaribio, na inakamata kilichotokea tu kwahiyo iachie mzigo wa kutosha. Nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya setingi.