Niliulizwa nililala wapi: uzoefu wetu wa kuhamishia makao South Dakota

Baba Salma ananiambia hili jambo la ofisi ya leseni niliache, limeshapita. Mimi siliachi kabla sijaliandika, kwa sababu nawajua wazee wenzetu wengi huku Marekani ambao watoto wameshatoka nyumbani, na wanawaza kuuza nyumba wahamie kwenye gari kama tulivyofanya sisi.

Kwetu ni Mombasa, lakini Minneapolis, jimbo la Minnesota, tumekaa zaidi ya miaka 20. Mimi nilikuwa muuguzi, mume wangu akiendesha lori la masafa marefu. Tulipostaafu tuliuza nyumba tukanunua gari lenye kitanda, jiko na choo, na humo ndimo tunamoishi. Sasa, Marekani mtu hawezi kuishi bila jimbo. Leseni ya udereva, bima, usajili wa gari, kodi, Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee), kura, kila kimoja kinadai anwani, na gari halina anwani. Wengi wanaoishi hivi huchagua Texas, Florida au South Dakota, ambako hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Sisi tulichagua South Dakota kwa kuwa masharti yake tuliyaona mepesi: unakodi anwani kwa kampuni ya kupokea barua, unalala usiku mmoja ndani ya jimbo, unachukua risiti ya kambi au hoteli, unatia sahihi kiapo cha ukaazi, unapewa leseni ya miaka 5.

Kampuni ya barua tuliyoichagua siitaji jina. Tulijaza fomu 1583 ya posta, ya kuiruhusu kampuni ipokee barua zetu, tukaenda kwa notari, yule anayeshuhudia sahihi, na vitambulisho vyetu, tukalipa ada ya mwaka mzima. Wakatutumia karatasi ya maelekezo. Imeandikwa wazi: risiti ya usiku mmoja. Hakuna neno lolote kuhusu jina la nani liwe juu yake.

Usiku wenyewe tuliulala kambini karibu na Badlands, nchi ya majabali yaliyochongwa na mvua na upepo. Upepo ulilitikisa gari mpaka alfajiri, kisha jua likatoka, yale majabali yakaonyesha mistari yake ya waridi na manjano, nikamwambia mume wangu hapa kweli panafaa kuitwa kwetu. Nilisema hivyo kwa moyo wangu wote. Saa chache baadaye nilikuwa nalia kwenye maegesho.

Ofisi ya leseni tuliyopata nafasi ni ndogo, katika mji mdogo mashariki ya kambi, na haifunguliwi kila siku. Baba Salma alitangulia. Pasipoti, kadi ya Social Security, barua mbili zenye anwani mpya, kiapo, risiti. Akamaliza upesi. Nikaja mimi na faili langu, kila karatasi mahali pake. Karani akaishika ile risiti akaitazama, akaitazama tena, akanirudishia.

“Hii ina jina la mumeo.”

Nikamwambia ndiyo, alilipa kwa kadi yake, tumelala wote.

“Hii inanionyesha yeye alilala wapi. Wewe sijui ulilala wapi.”

Ilikuwa mbele ya watu. Kulikuwa na kijana mmoja na mama yake nyuma yetu, na mzee mwenye kofia. Nina miaka 68, nimeolewa miaka 43, nimezaa watoto wanne na huyu mwanamume aliyesimama kando yangu, halafu mtu wa umri wa mwanangu wa mwisho ananiambia hajui nililala wapi. Yeyote aliyelelewa kwa Kiswahili anajua neno hilo lina uzito gani. Mwanamke haambiwi hivyo. Nilitaka kujibu, koo likakaza. Baba Salma akanishika mkono akasema, “Mama Salma, twende, tutarudi.”

Tulirudi kambini, maili 40. Na hapa niwape jambo ambalo hakuna aliyetuambia: South Dakota imegawanyika katika kanda mbili za saa. Magharibi wako nyuma saa moja. Kwenda kambini saa ikaturudishia dakika 60, tukapumua. Kurudi ofisini ikatunyang’anya zote. Yule mzee wa kambi, Mungu ampe afya, alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa risiti nyingine yenye majina mawili, akasema watu humjia na shida hii mara kwa mara. Mara kwa mara! Basi kampuni inayoishi kwa biashara hii, inayopokea wasafiri wa magari mwaka baada ya mwaka, inakosaje kuandika sentensi moja?

Tulifika dakika 20 kabla ya kufunga. Karani yule yule. Akaiangalia risiti, akagonga kompyuta, akanipiga picha, akanipa leseni. Hakusema pole, wala mimi sikusema asante, na hilo la pili linaniuma kidogo kwa sababu sikulelewa hivyo. Ukweli ni kwamba sheria ilikuwa upande wake. Kila mtu anahitaji ushahidi wake. Angeweza kusema, “Mama, risiti inahitaji jina lako pia.” Maneno ni yale yale machache.

Niliiandikia kampuni. Wakajibu kwa mistari miwili kwamba wanasikitika kwa usumbufu. Mpaka leo karatasi yao haijabadilika, nimeikagua.

Barua, lakini, wanaleta vizuri. Lazima niseme. Popote tulipo tunaona picha ya bahasha kwenye simu, tunawaambia fungua hii, tuma ile. Bima ya gari imeshuka. Minnesota tumeagana nayo salama, ingawa kule hawakuachii kwa mdomo tu. Wanaangalia leseni, kura, daktari, siku ulizokaa. Mpango wangu wa Medicare Advantage, yaani Medicare inayopitia kampuni binafsi ya bima, ulikuwa wa eneo la Minneapolis, ikabidi niubadilishe ndani ya miezi miwili ya kuhama, na hilo pia kampuni haikulitaja.

Nilikuwa nimeamua kuipa kampuni ya barua nyota tatu kati ya tano. Halafu nikakumbuka kura. Kwa leseni usiku mmoja unatosha, lakini mwaka 2023 jimbo lilipitisha sheria kwamba ili ujiandikishe kupiga kura uwe umekaa humo siku 30. Mimi niliapa uraia nimesimama kwenye ukumbi na bendera ndogo mkononi, na tangu siku hiyo sijakosa uchaguzi hata mmoja. Kama ningeambiwa mapema tungepanga kukaa mwezi mzima pale kwenye milima ya Black Hills, tungefurahi kabisa. Hawakusema. Basi ni nyota moja. Au mbili, kwa ajili ya wale vijana wanaopiga picha bahasha, ambao hawana kosa.

Mkienda, hakikisheni risiti ina majina yote mawili kabla hamjatoka kambini. Leseni yangu ninayo hapa mkononi. Kwenye picha macho ni mekundu, na nitakuwa nayo miaka 5.