Nywele nyekundu kwenye jua na maji ya Mombasa: uzoefu wangu na Adore

Naandika kwa dada zangu wa Pwani wanaopenda nywele nyekundu kabisa, ile nyekundu ya kuonekana ukiwa bado ng'ambo ya barabara, na ambao wamechoka kuiona ikigeuka rangi ya kutu kabla mwezi haujaandama. Mimi natumia Adore, rangi isiyo na amonia wala peroksaidi, inayouzwa kwa chupa ndogo ya mililita 118, na sijaona sababu ya kuiacha. Ila niseme mapema: kilichonidumishia wekundu zaidi ya rangi yenyewe ni maji ninayosuuzia, na hapo ndipo nitakapokaa sana.

Adore ni rangi ya muda. Zile za kudumu zinazochanganywa na peroksaidi huingia ndani ya unywele na kujijenga humo. Hii hukaa karibu na ganda la nje, na kila ukiosha inatoka kidogo. Haina uwezo wa kung'arisha nywele nyeusi. Mwenye nywele nyeusi za asili akiipaka ataona wekundu kwa mbali tu, tena akisimama juani. Zangu zilipigwa blichi kwanza, na nywele za blichi zina vitundu vingi: zinainywa rangi upesi na kuiachia upesi vilevile. Kwa hiyo ukiona maji mekundu yanatiririka mara za mwanzo, usidhani umeuziwa feki. Rangi za muda ndivyo zilivyo, iwe ya kampuni gani.

Sasa maji. Nyumba nyingi hapa mjini zinaishi kwa maji ya kisima. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji yakipita humo yanabeba chokaa, na bahari ilivyo karibu, chumvi nayo inaingia. Huhitaji maabara kulijua hilo. Chungulia ndani ya birika lako la chai: ule ukoko mweupe ulioganda chini unatoka kwenye maji hayohayo unayojimwagia kichwani. Shampuu haitoi povu, basi unaongeza shampuu. Unasugua zaidi, rangi inatoka zaidi, na nywele zinabaki kavu, ngumu, zimefubaa. Msusi wangu, mama mmoja wa Kisauni, aliniuliza swali moja tu nilipomlalamikia kwamba wekundu hausimami:

"Mwanangu, waoga maji gani?"

"Ya chumvi, mama."

"Basi hata nikupake dhahabu, itakwenda."

Tangu hapo kichwa changu hakigusi maji ya kisima. Kijana wa mkokoteni akipita asubuhi nachukua mtungi wa lita 20 wa maji matamu, nauweka kando, na huo ni wa nywele peke yake. Mwili naoga ya chumvi kama kawaida, kofia ya plastiki kichwani. Masika yakianza natega ndoo chini ya bati, kwa sababu maji ya mvua hayana chokaa na povu lake ni la kufurahisha. Na yawe ya baridi, maana maji ya moto huvimbisha unywele na kuachia rangi. Kwa joto letu hili hakuna atakayeona taabu.

Shampuu natumia isiyo na salfeti, ile kemikali ya kutoa povu jingi, tena kwa wiki mara moja tu. Siku nyingine jasho nalisuuza kwa maji matupu na kondishona. Sabuni ya mche, ile ya kufulia, isikaribie kabisa. Ina alkali kali, na alkali hufungua magamba ya unywele.

Siri nyingine, kama ni siri, ni kutosubiri rangi ipauke ndipo uirudie. Nachukua bakuli la plastiki, naweka kondishona nyeupe ya kawaida ya kutosha kichwa, kisha natia Adore kijiko cha chai kimoja, nakoroga, naongeza kingine, mpaka uji wote uwe mwekundu uliokolea pasiwe na michirizi myeupe. Nagawa nywele mafungu manne. Naanzia mbele kwenye paji na pembeni mwa masikio, kwa sababu hapo ndipo jua na jasho huanza kula. Nywele ndogondogo za hapo nazipaka kwa mswaki wa zamani. Halafu kofia ya plastiki, taulo juu yake, nusu saa nzima huku napika. Nasuuza mpaka maji yakaribie kuwa meupe. Vaa glavu, au utashinda na vidole vya mtu aliyemaliza pakiti ya mabuyu. Paji la uso nalipaka vaselini kabla ya yote, na hakuna alama inayobaki. Nikifanya hivi kila wiki ya pili, nyekundu ya leo na ile ya siku ya kwanza huwezi kuzitofautisha.

Jua letu nalo si la kupuuza. Tuko kama nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na mionzi hiyohiyo inayopausha mapazia ya dirishani inavunja rangi ya nywele. Anayevuka Likoni kwa feri kila siku anajua mtu anavyosimama pale akichomwa mpaka upande wa pili. Mimi najifunga leso. Ya pamba, kutoka Biashara Street, ya rangi iliyokoza, na nafunga kichwa chote hadi kisogoni. Wanaovaa buibui na mtandio wameshalindwa. Ndiyo maana binamu yangu, tuliyepakwa siku moja chupa moja, nywele zake zilibaki nyekundu baada ya zangu kufifia.

Kwenda ufuo wa Pirates kuogelea sijaacha. Kabla ya kuingia baharini nalowesha nywele kwa maji matamu, napaka mafuta ya nazi kuanzia katikati hadi ncha, nasuka mabutu. Unywele ulioshiba maji matamu na mafuta hauna nafasi kubwa ya kunywa chumvi. Bwawa lenye klorini ni baya zaidi, huko nakwenda na kofia ya kuogelea. Pasi ya nywele naiwasha kwa moto mdogo, na siku nyingi siigusi.

Wazee wataniuliza: kwa nini usipake hina? Hina naiheshimu. Rangi yake hushikana na protini ya unywele, ndiyo maana haichujuki kirahisi, na inaupa unywele uzito mzuri. Lakini juu ya nywele za blichi inatoa rangi ya chungwa, na mimi nataka nyekundu. Kuna pia pakiti za hina zilizochanganywa na chumvi za madini. Hizo zikikutana na peroksaidi siku utakayotaka kupiga blichi, unywele unaweza kupata moto na kukatika. Ikiwa umeshapaka hina, mwambie msusi kabla hajagusa kichwa chako.

Kisichonipendeza kwenye rangi hizi zote za muda ni kuchuja. Wakati wa kaskazi, jasho likishuka shingoni, kola nyeupe haiponi. Siku chache za mwanzo navaa nguo nyeusi au ya damu ya mzee, na mto nauvalisha foronya ya satini nyeusi. Mwenye sare nyeupe ya kazi afikirie vizuri. Halafu mizizi: nywele mpya zikiota nyeusi, Adore haiwezi kuzifunika, lazima blichi tena, na hiyo gharama ya saluni ihesabu tangu mwanzo. Mimi mizizi namwachia msusi, sijipigi blichi mwenyewe nyumbani.

Kabla ya kupaka kichwa kizima, jaribu tone nyuma ya sikio, uache siku mbili. Kukosekana kwa amonia hakumaanishi ngozi yako haitaikataa. Kwa nywele za kufika mabegani chupa moja inanitosha kupaka na kubakisha ya kuchanganyia. Zikishuka mgongoni, nunua mbili kwa pamoja, na usome jina la wekundu ulioandikwa kwenye chupa zote mbili, maana nyekundu zake ni nyingi na dukani ukirudi mwezi ujao ile yako huenda imekwisha.