Uzoefu wangu: upasuaji wa kope zilizolegea, na nilichopoteza kabla yake

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 57. Naandika kwa sababu nilipokuwa nahangaika na kope zangu nilikutana na picha nyingi za kabla na baada, lakini maneno ya mtu aliyelala mwenyewe kwenye kitanda kile sikuyapata.

Kope zangu za juu zilianza kulegea polepole. Mwanzo niliona wanja haukai. Napaka asubuhi, ikifika saa nne ya chai umeshajichapa kwenye ngozi ya juu, jicho zima limechafuka. Baadaye ngozi ikashuka hadi ikakalia nywele za kope, hasa upande wa nje. Wateja wakawa wananiuliza, "Mama, umelia?" au "Jana hukulala?" Kutunga uzi kwenye sindano ikawa lazima nitupe kichwa nyuma. Na jioni paji la uso likawa linauma kama limefungwa kamba. Nikadhani presha. Kumbe mchana kutwa nilikuwa nanyanyua nyusi bila kujijua ili nipate kuona, na misuli ya paji ikawa inachoka.

Krimu nilinunua, tena za bei. Zililainisha ngozi, basi. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, ikishatanuka na kuning'inia hakuna mafuta ya kuirudisha. Nilijaribu pia vile vibandiko vya plasta vinavyokunja kope. Kwa harusi moja vilinisaidia, lakini gundi iliniwasha hadi nikajikuna.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenda saluni. Niliambiwa kuna kalamu ya plazma, "upasuaji usio na kisu". Dada alinipaka krimu ya ganzi, akanichoma vidoti vidogo vidogo juu ya macho yote mawili, kila kidoti kikitoa cheche na harufu ya unyoya ulioungua. Hakuniwekea chochote cha kukinga mboni. Macho yalivimba siku 4 nikashindwa kufungua duka. Magamba yalipodondoka, kila kidoti kikaacha alama nyeusi, na ngozi ikabaki inaning'inia vilevile. Ngozi zetu nyeusi zikichomwa hujibu kwa weusi. Mtu anayeshika kifaa kile alipaswa kunieleza kabla hajapokea pesa yangu. Weusi ule ulichukua miezi 8 kufifia. Naumia bado nikikumbuka, maana hata wenye ngozi changa waliokuwa wanasubiri kwenye benchi pale hawakuwa wameambiwa.

Ndipo mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam akanipeleka kwa bingwa wa macho aliyesomea upasuaji wa kope. Kwa nusu saa hakutaja kisu. Alichukua rula ndogo akapima kutoka katikati ya mboni hadi ukingo wa kope. Akaniambia niangalie chini, kisha juu, huku amebana nyusi zangu kwa kidole gumba zisinisaidie. Akanieleza kwamba jicho linaloonekana limelala linaweza kuwa na shida tatu tofauti: ngozi imezidi, au msuli unaonyanyua kope umelegea, au nyusi zenyewe zimeshuka. Kila moja ina dawa yake, na nyingine huja pamoja. Yangu ilikuwa ngozi. Msuli wangu ulikuwa mzima.

Nilimuuliza kuhusu sindano ya botoksi. Akasema inaweza kunyanyua nyusi kidogo kwa kulegeza misuli inayozivuta chini, lakini hudumu miezi 3 au 4 hivi, na ikipotea njia kope hushuka zaidi. Ngozi iliyozidi haiiondoi. Nikaridhika na jibu hilo.

Akanipima upana wa kuona. Unaegemeza kidevu kwenye mashine, unaangalia katikati, na kila ukiona kanuru kadogo unabonyeza kitufe. Tulifanya mara mbili: kope zikiwa zimelala, kisha zikiwa zimenyanyuliwa kwa plasta. Nilipoletewa karatasi mbili nilinyamaza. Ile ya kwanza, sehemu ya juu yote ilikuwa nyeusi. Miaka yote hiyo nilikuwa naishi chini ya ukingo wa kofia.

Siku ya upasuaji nilikuwa nimeshaacha aspirini kwa ruhusa ya daktari, maana huzuia damu kuganda. Dawa ya presha aliniambia nisiiache hata siku moja. Nikiwa nimekaa wima alinichora kwa kalamu, akibana ngozi kwa koleo ndogo na kuniambia, "Funga macho," tena na tena, ili ahakikishe atakachobakiza kinatosha jicho kufunga. Akitoa nyingi kupita kiasi jicho hubaki wazi na kukauka, na kosa hilo ni gumu kurekebisha. Sindano za ganzi ndizo zilizouma, kama mwiba wa mndimu, sekunde chache kila upande. Baada ya hapo nilisikia kuvutwa tu. Kama saa nzima hivi nikawa nimemaliza, niko macho, nimezungumza naye njia nzima. Nikaomba kuona alichotoa. Juu ya kitambaa cha shashi kulikuwa na vipande viwili vya ngozi, mfano wa mwezi mwandamo, vyembamba kuliko karatasi ya kukatia mitindo.

Siku 2 za mwanzo ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi, dakika 10 kwa kila saa, na kulalia mito mitatu. Niliambiwa jicho likiuma sana, likitokeza mbele au kuona kukipungua, nirudi hospitali hata usiku wa manane, kwa kuwa damu ikijikusanya nyuma ya jicho inaweza kupofusha. Ni nadra, lakini usikae nyumbani ukisubiri kuche. Mimi nilivimba tu, na weusi wa damu ukashuka hadi mashavuni. Kuinama huongeza uvimbe, hivyo wiki ile nilisali nimekaa kitini. Nyuzi zilitolewa siku ya 6. Cherehani niliirudia baada ya siku 12, na wanja baada ya mwezi.

Nililipa shilingi milioni 1 na laki 8 kwa macho yote mawili, vipimo vikiwa mbali. Bima yangu haikuchangia. Kwa mshona nguo hizo ni pesa za msimu mzima wa sare za shule, sitasema ni kidogo.

Matokeo: nimeona kovu kwa kulitafuta tu, nikifumba jicho karibu na dirisha, kwa sababu limelala ndani ya mkunjo wa kope. Kichwa cha jioni kimekwisha. Mkunjo wa kushoto uko juu kidogo kuliko wa kulia, na vifuko vya chini ya macho viko palepale. Hivyo vina upasuaji wake. Asubuhi macho hukauka, natia matone ya kulainisha. Nyota 4 kati ya 5 kwa upasuaji, na hakuna hata moja kwa kalamu ile.

Dada yangu mkubwa alipoona uso wangu akataka nimpeleke kesho yake. Kope lake moja tu ndilo limelala, la kulia, na ngozi yake wala haijalegea. Bingwa yule alimpima kwa rula ileile akasema kwake ni msuli. Kuna matone ya oksimetazolini yaliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa kope za namna hiyo, hunyanyua kwa saa kadhaa tu, na kuna upasuaji wa kukaza msuli. Lakini kwanza amemuuliza lilianza lini, ghafla au taratibu, kama anaona vitu viwiliviwili, kama jioni huzidi, kwa kuwa kope moja kushuka kunaweza kutoka kwenye neva. Dada amejibu kwamba jioni huzidi. Ameandikiwa vipimo vya damu, na Jumatatu tunapanda basi la alfajiri kufuata majibu.