Thunderbird iliyoganda, na fundi aliyetaka kunifutia barua zote

Nilikuwa nimejiandaa kuwaambia watu waachane kabisa na Thunderbird, programu ya barua pepe ninayotumia kwenye kompyuta. Sasa hivi hasira zangu zimehamia kwingine, kwa fundi mmoja wa kompyuta hapa Dodoma mjini. Jina simtaji na duka lake silitaji. Akisoma atajijua.

Mimi nina steshenari. Kazi zangu nyingi hazipiti mlangoni, zinakuja kwa barua pepe. Mtu yuko ofisini Mtumba, asubuhi anatuma ripoti ya kurasa mia mbili, jioni anataka nakala zimeshafungwa. Bunge la bajeti likianza Aprili mpaka linapoisha Juni, ndipo ninapopata hela ya kulipia pango la mwaka. Na ndicho kipindi ambacho programu yangu ya barua pepe ilianza kuganda.

Nabofya barua, dirisha zima linapauka, kiduara kinazunguka, juu panaandikwa kwamba programu haijibu. Nasubiri. Rangi inarudi. Naandika "Nimepokea, asante", herufi hazitokei, halafu baadaye zinamwagika zote kwa mkupuo, nyingine hazipo. Taa ya diski kwenye kasha la kompyuta inawaka moja kwa moja. Mteja anapiga simu, "Dada, umeiona ile PDF?" Jina la faili naliona, lenyewe halifunguki. Word inafunguka vizuri, intaneti ipo, simu yangu kwenye mtandao uleule haina shida yoyote. Ni barua pepe tu. Kuna mteja wangu wa siku nyingi aliamua kwenda kuchapisha kwingine, wala simlaumu, naye ana bosi wake.

Nikabeba kasha kwenye bajaji hadi kwa huyo fundi. Kijana ambaye ningeweza kumzaa. Shikamoo hakuna. Alitoa spika ya sikio moja, nyingine akaiacha, akaniuliza natumia nini. Nilipotaja Thunderbird akacheka.

"Mama, hicho ni kitu cha bure, ulitegemea nini? Halafu mashine yenyewe imechoka. Nakupigia windo upya, elfu thelathini, uje kesho."

Flashi yake alishaichomeka tayari. Nikamuuliza, "Na barua zangu?"

"Si ziko kwenye intaneti? Ukiingiza nywila zinarudi zenyewe."

Hazirudi! Hili ndilo lililonifanya niandike. Akaunti yangu imewekwa kwa POP: barua ikishashushwa kwenye kompyuta, kwenye seva inafutwa, kwa sababu nafasi niliyolipia huko ni ndogo. Barua zangu zote za kazi zinakaa kwenye ile diski na hakuna pengine. Kama ingekuwa IMAP, ambayo seva inabaki na kila kitu na kompyuta inaonyesha tu nakala, maneno yake yangekuwa ya kweli. Lakini hakuuliza. Swali moja tu, "Mama, akaunti yako ni POP au IMAP?" Kama angeona sijui, angefungua mipangilio akaangalia mwenyewe, ni kazi ya dakika moja. LPO (hati za oda) za wateja, profoma, makubaliano ya bei na watu ambao hawajanilipa mpaka leo, vyote angevipiga chini, halafu angeniambia pole.

Nikamwambia achomoe flashi. Akajibu, "Sasa kama huniamini umeniletea ya nini?" Kisha akadai elfu kumi ya ukaguzi. Ukaguzi gani? Hiyo programu hata hakuifungua. Nililipa kwa sababu kasha lilikuwa upande wake wa kaunta.

Na hilo la "kitu cha bure" nalo niachiwe nafasi nilijibu. Toleo kamili la kwanza la Thunderbird lilitoka 2004. Inaendeshwa kwa michango ya watu wanaoitumia, na maelekezo yake yameandikwa wazi kwa yeyote anayetaka kusoma. Fundi anayedharau kitu asichokijua asijifiche nyuma ya bei yake.

Aliyenitoa kwenye shida hii ni mzee mmoja mstaafu wa masijala, mteja wangu, mtu ambaye haanzi neno lolote kabla ya "mbukwenyi", salamu ya Kigogo. Naye anatumia programu hiyohiyo. Cha kwanza alichofanya, kabla ya kugusa kitu kingine, alifunga programu, akaingia kwenye folda ya Profiles inamokaa akaunti nzima, akainakili yote kwenye diski ya nje. Nilitamani yule kijana awepo aone.

Akaifungua Thunderbird kwa Troubleshoot Mode, ambayo inazima viongezi vyote, yaani vile vijiprogramu vya kuongezea. Ikaganda vilevile. Basi, akasema, shida si viongezi. Akarudi kwenye folda na kunionyesha faili moja linaloitwa Inbox, halina hata kiambishi mwishoni. Gigabaiti tisa na zaidi. Nikashangaa, maana mimi ni mtu wa kufuta. Barua zenye viambatisho vizito nikimaliza kuchapisha nazifuta.

"Unafuta, lakini haziondoki," akaniambia. Kawaida ya programu hii ni kuziweka barua zote za folda moja ndani ya faili moja refu. Ukifuta barua, inatiwa alama tu kwamba imefutwa, mwili wake unabaki palepale mpaka folda ikandamizwe. Kwao masijala, akasema, ni sawa na kukata jina la jalada kwenye rejista huku jalada lenyewe likiendelea kujaza rafu.

Programu huwa inakandamiza folda zake yenyewe. Ila kukandamiza ni kuandika faili jipya pembeni lenye barua ambazo hazijafutwa tu, kisha la zamani linaondolewa; umeme ukikatika katikati, lile la zamani linabaki na la muda linabaki pia. Tukayakuta hayo ya muda, yanaanzia na jina nstmp, yamejazana na diski imebaki na nafasi kiduchu. Tukayafuta programu ikiwa imefungwa. Nafasi ilipopatikana, akabofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya Inbox, akachagua Compact. Ilichukua muda, chai ikapoa. Faili likashuka chini ya gigabaiti tatu. Kisha akaingia Properties, akabonyeza Repair Folder ili orodha ya barua ijengwe upya.

Bado ilikuwa inasitasita. Hapo akaigeukia antivairasi. Kwa kuwa Inbox yote ni faili moja, kila barua mpya ikiingia faili limebadilika, na antivairasi inaanza kulikagua lote. Mbaya zaidi, ikiona barua moja ina kirusi inaweza kulifungia faili zima, na barua zako zote nzima zikaenda nalo. Akaiambia isiguse folda ya Profiles. Viambatisho bado vinakaguliwa ninapovihifadhi. Ile taa ya diski ikatulia tukiwa tunaiangalia.

Kwa hiyo Thunderbird naipa nyota tano. Hapana, nne. Nikikumbuka wiki zile za Juni napandwa tena: programu inajua faili limevimba, inajua kazi yake ya kukandamiza haikuisha, kwa nini inyamaze mpaka mteja akimbie? Ilitakiwa kupiga kelele. Mtu wa steshenari hawezi kujua kuna kitu kinaitwa nstmp. Tatu, basi. Ingawa sasa hivi inafunguka haraka kuliko hata siku niliyoiweka, na barua yangu hata moja haijapotea, na kuihama sihami.

Kama na wewe unatumia POP, nakili ile folda ya Profiles kabla kasha halijatoka nyumbani, hata kama fundi ni shemeji yako.

Yule kijana sina nyota ya kumpa. Huenda kwenye vioo vya simu ni mzuri, nimewasikia watu wakimsifu. Kompyuta yenye barua za kazi simpelekei.