Uzoefu wangu wa kuchagua mipira ya shinikizo la chini ya reguleta ya kupigia mbizi

Reguleta yangu, yaani kifaa kinachoshusha shinikizo la hewa ya mtungi ili iweze kuvutwa, ina mipira mitatu ya shinikizo la chini, yaani mabomba yanayonyumbulika ya kupitishia hewa: mmoja unakwenda kwenye hatua ya pili, sehemu inayoshikwa mdomoni, ninayovutia hewa, mwingine kwenye hatua ya pili ya akiba, na wa tatu kwenye vali ya kujazia hewa jaketi la kuelea. Yote ilipofika umri wa kubadilishwa, sikutaka kumwomba fundi anifungie mingine ya aina ileile, bali niliamua kuichagua mwenyewe mmoja mmoja, kwa kuwa seti inayouzwa pamoja na reguleta hukatwa kwa vipimo vya mtu wa wastani, na vipimo hivyo havijawahi kunikaa sawasawa. Nilinunua miwili ya kusukwa, yaani ile yenye gamba la nyuzi juu na bitana ya plastiki laini ndani, na mmoja wa mpira mweusi wa kawaida. Nimeitumia ya kutosha, katika maji ya vuguvugu na katika maji baridi yanayohitaji glavu nene, kuweza kusema ni upi nitaununua tena na ni upi sitaununua.

Kwanza ni vyema kukumbuka mpira huu unabeba nini. Hatua ya kwanza, yaani sehemu ya reguleta inayofungwa kwenye mtungi, hupokea hewa ya mtungi, ambayo kwa mtungi uliojaa huwa bari 200 au zaidi, na kuishusha hadi shinikizo la kati, ambalo ndilo linalopita kwenye mpira huu na ambalo kwa reguleta nyingi huwa kati ya bari 8.5 na 10 juu ya shinikizo la maji yanayomzunguka mpiga mbizi. Kwa kuwa hatua ya kwanza hulipandisha shinikizo hilo kadiri mtu anavyoshuka, tofauti kati ya ndani na nje ya mpira hubaki ileile, awe kwenye mita 5 au mita 30, na kwa hiyo kina hakiuchoshi mpira hata kidogo. Kinachouchosha ni jua, chumvi, joto la mahali unapohifadhiwa, kukunjwa mahali palepale kila mara, na umri. Tena mpira huu ukipasuka humwaga hewa kwa kasi kuliko ule wa geji ya kuonyesha shinikizo la mtungi, ingawa wa geji ndio unaobeba shinikizo lote la mtungi, kwa sababu mwanzoni mwa mpira wa geji kuna tundu jembamba sana lililowekwa makusudi, ilhali huu umeachiwa njia pana ya kumtosha mtu anayehema kwa nguvu. Hapo mtungi huisha kwa dakika chache tu. Ni kwa ajili hiyo sikutazama bei kwanza.

Nilichokitazama kwanza ni urefu, na bado naamini kwamba urefu una uzito kuliko malighafi. Mpira wa kawaida wa hatua ya pili huwa na sentimita 70 hadi 80 na hupita juu ya bega la kulia, na ule wa akiba huwa na sentimita 90 hadi 100. Kwangu mimi, ule wa juu ya bega ulikuwa ukiwa mfupi unanivuta kinywa kuelekea kulia, hata nikitoka majini taya linauma na alama za meno zimezama zaidi upande mmoja wa kipande cha mdomoni. Ukiwa mrefu kidogo, unajipinda kando ya kichwa kama upinde, na mkondo wa maji ukiupiga unaitikisa hatua ya pili mdomoni. Mtu anayetaka kujua urefu wake asikisie, wala asipime akiwa na fulana. Avae suti, jaketi na mtungi, amwombe mwenzake ashike kamba kwenye tundu la hatua ya kwanza lile lile litakalotumika, aipitishe njia atakayopita mpira, kisha ageuze kichwa kushoto hadi mwisho na kutazama juu. Urefu unaohitajika ndipo huo, pamoja na vidole vichache vya ziada. Mahali tundu lilipo pana uzito wake pia, kwa kuwa hatua za kwanza zenye kichwa kinachozunguka huelekeza mipira tofauti kabisa na zile zenye matundu yaliyotulia, na vipimo vya rafiki mwenye reguleta nyingine havikusaidii.

Mimi nilichagua sentimita 100 kwa hatua ya pili ninayovutia, upite chini ya kwapa la kulia na kupanda hadi mdomoni, na sentimita 60 kwa ile ya akiba, ambayo huning'inia chini ya kidevu kwa kamba ya mpira shingoni. Mwenzangu akiishiwa hewa, ninampa iliyo mdomoni mwangu, ambayo nina hakika inafanya kazi kwa kuwa nilikuwa naivuta sekunde moja iliyopita, nami nachukua iliyo shingoni bila kuitafuta. Mpangilio huu lazima mwenzako aujue kabla ya kuingia majini, kwa sababu aliyezoea kuchukua pweza, yaani hatua ya pili ya akiba, wa rangi ya njano ubavuni ataitafuta pasipo na kitu. Mipira ya sentimita 150 na 210 nimeijaribu kwa kuazima. Ule wa 210 una maana pangoni na ndani ya meli zilizozama, ambako watu wawili wanaogawana hewa hulazimika kutoka mmoja nyuma ya mwingine; katika maji ya wazi, kwa mtu mwenye mtungi mmoja mgongoni, unabaki kuwa kitu cha ziada cha kupanga.

Viungio vya mwisho havihitaji maelezo mengi, ila havisamehe. Matundu ya shinikizo la chini kwenye hatua nyingi za kwanza ni ya inchi 3/8 yenye hesi 24 kwa inchi, na ya shinikizo la juu ni ya inchi 7/16 yenye hesi 20, ili mpira wa upande mmoja usiweze kufungwa upande mwingine. Baadhi ya hatua za kwanza, hasa za zamani, zina tundu moja kubwa zaidi, la inchi 1/2, lililotengwa kwa hatua kuu ya pili, na mpira wa 3/8 hauwezi kushika humo bila adapta. Upande wa mdomoni, kiwango kinachotumika sana ni inchi 9/16 yenye hesi 18. Mpira wa kujazia jaketi nao una njia nyembamba ndani, kwa hiyo asije mtu akatafuta adapta ili autumie kuvutia hewa eti kwa sababu umebaki bila kazi.

Mpira unaopita chini ya kwapa hufika mdomoni kwa pembe mbaya, na bila elbo, yaani kiungio chenye pembe, utaivuta hatua ya pili kuelekea chini. Nilijaribu aina mbili: elbo ya pembe moja inayozunguka kwenye mhimili wake tu, na ile yenye goroli ya chuma inayogeuka kila upande. Ya goroli ni raha kubwa kwenye taya, lakini ni nzito na ina sili zinazosuguliwa kila kichwa kinapogeuka. Nilibaki na ile ya pembe moja. Kila kiungio kinachoongezwa huleta oringi zake, yaani pete za mpira za kuzuia hewa isivuje, na oringi zinazochezacheza huisha mapema kuliko zilizotulia, hivyo nayo hukaguliwa kila reguleta inapokwenda kwa fundi.

Sasa malighafi, ambapo matangazo yana kelele nyingi. Wauzaji wa mipira ya kusukwa hupenda kuufunga fundo mbele ya mteja na kumwonyesha kwamba hewa bado inapita, na ni kweli inapita. Mimi bado sijamwona mtu aliyezama na mpira wenye fundo. Faida ninayoithamini ni ndogo kuliko hiyo, na ni ya kila siku. Mpira wa sentimita 60 wa shingoni, ukiwa wa kawaida na mgumu, huisukuma hatua ya akiba mbele ya kidevu. Ukiwa wa kusukwa hulala kifuani na unafuata shingo inapogeuka. Huo nimeridhika nao kabisa na nitaununua tena. Ule wa sentimita 100 umenipa hisia mchanganyiko. Ni kweli taya halichoki tena, lakini mpira wa kusukwa ni mwepesi majini, na ninapobadilisha mkao, kwa mfano ninapoinama kutazama kitu chini ya mwamba, unapanda na kutoka nje ya mstari wa ubavu, ukisubiri kunaswa na kitu. Mpira mweusi wa kawaida una uzito wa kutosha kukaa ulipowekwa. Muda wa huu utakapoisha, nitauweka wa kawaida mahali pake, na elbo itafanya kazi iliyobaki.

Kuna jambo jingine kuhusu mipira ya kusukwa ambalo wauzaji hawalitaji wakiwa na fundo mkononi. Divers Alert Network, shirika la usalama wa wapiga mbizi linalojulikana kwa kifupi cha DAN, limewahi kutoa tahadhari juu ya mipira ambayo bitana yake ya poliurethani ilioza kutoka ndani na kutoa chembe ngumu kama fuwele, ambazo hujikusanya na kuziba njia ya hewa huku gamba la nje likionekana zima. Joto na unyevu huharakisha uozo huo, na poliurethani iliyotokana na poliesta ndiyo inayoathirika zaidi na maji kuliko ile iliyotokana na polieta. Kwa hiyo niliuliza mambo mawili kabla ya kulipa: bitana imetengenezwa kwa nini, na mpira umetengenezwa lini. Muuzaji mmoja hakuwa na jibu la swali la kwanza, na mpira alionitumia kama mpya ulikuwa na tarehe ya miaka miwili nyuma iliyochapwa kwenye kola ya chuma. Niliurudisha. Muda unaotajwa sana wa kubadilisha mipira ni miaka 5 hata kama haina dalili yoyote, na kununua mpira uliokwisha kukaa ghalani sehemu kubwa ya muda huo ni kununua nusu ya bidhaa. Kabla ya safari ninaushika ule wa kusukwa, ninauviringisha kati ya vidole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine nikitafuta mahali palipokakamaa, na hewa ikianza kuvutika kwa shida bila sababu ninayoijua, mpira huo hautarudi majini.

Mpira wa kawaida nao una siri zake, na hizo ziko chini ya vile vikinga vya plastiki vinavyovishwa mwanzoni mwake ili usikunjike. Nilipovuta kikinga cha mpira wangu wa zamani kuelekea katikati, nilikuta ukanda mweupe wa chumvi iliyoganda umeizunguka kola ya chuma, na nilipoupinda mpira kwa kidole gumba, mipasuko midogo ikafunguka sambamba na kola, mahali ambapo kikinga kilikuwa kimeifunika kwa muda wote huo. Niliupasua kwa kisu kwa urefu nione ndani: gamba la nje, kisha kitambaa kilichosukwa, kisha bomba jeusi la ndani, na kitambaa kilikuwa kimebadilika rangi kwa urefu wa kidole kutoka kwenye kola. Katikati ya mpira kila kitu kilikuwa kizuri. Mipira mipya haina vikinga, na niliamua hivyo kwa makusudi.

Kufunga mpira si kazi ngumu kwa aliyefundishwa, lakini asiyefundishwa amwachie fundi. Kinachokosewa mara nyingi ni nguvu: oringi ndiyo inayozuia hewa, spana haizuii chochote, hivyo kukaza kwa mkono hadi mwisho na kuongeza msukumo mdogo wa spana kunatosha. Upande wa hatua ya pili zinahitajika spana mbili, moja ishikilie na nyingine izungushe, vinginevyo mwili wa hatua ya pili unajipinda. Baada ya hapo nilifungua mtungi, nikaizamisha seti nzima katika beseni la maji na kutazama. Viputo vidogo vilivyotawanyika vinavyotokea kwenye gamba la mpira mpya vinaweza kuwa hewa iliyokuwa imenaswa kati ya bitana na gamba, ila mstari wa viputo unaotoka kwenye kola haukubaliki. Kisha nilifunga mtungi na kuiacha sindano ya geji kwa muda, nione kama itashuka.

Mpira wa kujazia jaketi niliuchagua kwa kigezo kimoja ambacho sikukiona katika maelezo ya bidhaa yoyote: upana wa pete inayovutwa wakati wa kuuchomoa. Vali ya kujazia ikikwama wazi, jaketi hujaa na kumpandisha mtu juu kwa kasi, na dawa yake ni kuuchomoa mpira hapo hapo ukiwa bado na shinikizo ndani. Pete nyembamba na laini inayoteleza huchomoka vizuri dukani kwa vidole vikavu, lakini ndani ya glavu nene huzunguka tu. Nilichukua yenye pete pana iliyokwanguliwa mistari, nikahakikisha inaingia kwenye chuchu ya vali yangu, kwa kuwa vali zilizounganishwa na hatua ya pili ya akiba huweza kuhitaji kiungio kikubwa zaidi. Ninaichomoa kwa mkono mmoja nikiwa na glavu. Mpira wenyewe ni ule mweusi wa kawaida wa sentimita 65, hauna sifa nyingine ya kuandikia, na utabaki ulipo hadi tarehe yake ifike.