Chai za komamanga: zenye tunda, zenye jina tu, na namna ya kuzitengeneza

Maboksi mengi ya chai yenye picha ya komamanga lililopasuliwa hayana komamanga la kutosha ulimi kulitambua. Hiyo ndiyo hukumu yangu, na simaanishi kwamba chai zenyewe ni mbaya. Ninazozizungumzia hapa ni za aina nne: mifuko ya chai ya kijani iliyotiwa ladha, mifuko ya mimea isiyo na jani la chai hata moja, unga wa Kituruki wa kukoroga, na ile ya kutengeneza nyumbani kwa majani ya kawaida na maji ya tunda. Zote huitwa chai ya komamanga, lakini kila moja ina moto wake na dakika zake. Ukizichemsha zote kama chai ya rangi, ya mimea itavumilia, nyingine utazimwaga.

Kabla ya kubandika maji, soma ubavu wa boksi. Viungo huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kwenye mifuko ya mimea, wa kwanza karibu kila mara ni choya, ambayo wengine huijua kama rozela au karkadee. Hufuata vipande vya tofaa vilivyokaushwa, maganda ya chungwa, na huko mwisho kabisa utakuta "ladha ya komamanga", pengine na komamanga lenyewe kwa asilimia moja au mbili. Ile rangi nyekundu inayong'aa kwenye kikombe ni ya choya. Uchachu nao ni wa choya, mara nyingine ukisukumwa na asidi ya sitriki.

Kuna sababu ya haki kidogo. Komamanga halina harufu kali kama embe au pasheni. Linajulikana mdomoni zaidi kuliko puani: utamu, uchachu, kisha ukakasi unaobaki kwenye fizi. Mtengenezaji wa ladha akitaka boksi linukie linapofunguliwa hulazimika kuazima harufu za rasiberi na matunda mengine mekundu. Ndiyo maana chai nyingi za komamanga hunukia pipi. Boksi likikupiga harufu kali kabla hujafungua karatasi ya ndani, ujue hapo kuna ladha ya kunyunyizia, na ladha hiyo ndiyo ya kwanza kupotea boksi likikaa wazi.

Suala la jina na kiasi lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2014, kampuni ya maji ya komamanga ya POM Wonderful ilipoishtaki Coca-Cola kwa sababu ya kinywaji cha Minute Maid kilichobeba jina la komamanga na bluberi. Maji ya komamanga ndani yake yalikuwa asilimia 0.3, karibu chote kilichobaki kilikuwa maji ya tofaa na zabibu. Mahakama iliiruhusu POM iendelee na kesi yake. Hao hao POM, mwaka 2013, walikuwa wamepigwa marufuku na tume ya biashara ya Marekani kutangaza kwamba bidhaa zao huzuia maradhi ya moyo na saratani ya tezi dume bila ushahidi wa kutosha wa kitabibu. Kwa hiyo boksi likiandika kwamba chai hii "inasafisha sumu mwilini", mimi huruka sentensi hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye viungo.

Chai ya kijani yenye ladha ya komamanga ndiyo dhaifu kuliko zote mbele ya moto. Maji yanayotokota hukamua uchungu na ukakasi wa jani kwa haraka, na ukijumlisha na asidi ya ladha iliyotiwa, mdomo unakauka kama umetafuna ndizi mbichi. Vipimo vyangu: mfuko mmoja wa gramu 1.5 hadi 2 kwa mililita 200 za maji, nyuzi 75 hadi 80, dakika mbili, zikizidi mbili na nusu. Kipimajoto si lazima. Tia kwenye kikombe sehemu moja ya maji ya kawaida, kisha ongeza sehemu tatu za maji yaliyotoka kutokota, halafu ndipo uweke mfuko. Kwa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja utapata karibu nyuzi 80. Nairobi ni juu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 tu, hivyo tumia sehemu nne kwa moja. Mpangilio huo una maana: mfuko ukitangulia na maji ya moto yakaja juu yake, jani limeshaungua kabla ya ubaridi kufika.

Ukitoa mfuko usiuminye kwa kijiko. Yale matone ya mwisho ndiyo yenye ukakasi mwingi. Ndimu pia iache. Uchachu umo tayari, na ndimu hufunika kile kidogo cha komamanga kilichopo. Lakini sukari usiiogope. Nusu kijiko cha chai cha sukari au asali huifanya ladha ya tunda ijitokeze, kwa sababu ulimi umezoea kulikuta komamanga pamoja na utamu. Bila sukari kabisa, wengi watakuambia wananusa tunda lakini hawalionji. Nikiipima kwa matokeo, aina hii inamfaa anayependa chai ya kijani tangu awali. Anayetafuta komamanga hataridhika.

Mifuko ya mimea ni kinyume chake. Hapa hakuna kafeini wala jani la kuungua, hivyo maji lazima yawe yanatokota kweli. Funika kikombe na uache dakika sita au saba. Kosa la kawaida ni kuutoa mfuko dakika ya pili kwa sababu rangi imeshakuwa nyekundu. Choya hutoa rangi mara moja, hata kwenye maji baridi. Vipande vya tofaa na maganda ya chungwa huchelewa, na ndivyo vinavyoleta utamu wa kusawazisha uchachu. Ukiwahi kuutoa utakunywa maji machachu mekundu.

Na chai hii usiitie maziwa. Protini ya maziwa huganda pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka uchachu ukizidi, inapofikia 4.6 hivi, na choya huishusha chini ya hapo bila shida, kwa hiyo maziwa yatakatika mbele ya macho yako. Vyombo navyo viangalie. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na asidi ikikaa humo chai huwa na ladha ya chuma na sufuria hubadilika rangi. Tumia chuma cha pua, enameli, au birika la udongo. Maji ya kisima nayo yana visa vyake: yenye magadi hugeuza wekundu kuwa zambarau chafu au kijivu, na yenye chuma hukutana na tanini (zile zinazoleta ukakasi) za komamanga au za jani la chai yakawa meusi. Si kwamba chai imeoza. Jaribu boksi lile lile kwa maji ya chupa kabla ya kulilaumu.

Unga wa Kituruki nitaupitia haraka. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Istanbul kufuata nguo hurudi nao kama zawadi, na soko la viungo la huko, liitwalo Soko la Misri, limejaa marundo yake. Pindua pakiti: cha kwanza ni sukari, kisha asidi ya sitriki, rangi na ladha. Vijiko viwili vya chai kwa glasi ndogo, maji ya moto, koroga, basi. Ni sharubati ya moto. Ina ladha nzuri, watoto wataipenda, mwenye kisukari aikimbie. Waturuki wenyewe kila siku hunywa chai nyeusi ya Rize, mkoa wa kwao. Kwenye masoko hayo hayo utauziwa pia "maua ya komamanga" yaliyokaushwa. Mara nyingi ni choya. Ua la komamanga lina kikombe kinene kigumu kama ngozi, chenye ncha za taji. Choya ni nyembamba, na ukiitupa kwenye maji baridi rangi hutoka papo hapo.

Sasa ile ninayoipa alama za juu: ya nyumbani. Kwa watu watatu unahitaji makomamanga mawili ya wastani, majani makavu ya chai nyeusi vijiko viwili vya chai (gramu 5 hivi), maji nusu lita, na hiliki tatu zilizopondwa. Sukari kwa kadiri ya ulimi wako.

Kazi kubwa ni kutoa maji ya tunda bila uchungu. Kata taji, chana ganda kwa kisu kwa kufuata kuta za ndani, pasua kwa mikono ndani ya bakuli la maji. Punje huzama, utando mweupe huelea. Uokoe na uutupe wote, maana huo utando na ganda ndivyo vyenye tanini nyingi. Chuja punje, zitie kwenye mfuko mgumu wa plastiki, fukuza hewa, funga, kisha zibonyeze kwa mpini wa mwiko au chini ya chupa. Toboa kona, mimina kwenye chujio. Komamanga moja la wastani hutoa karibu nusu kikombe. Blenda inafaa ukiibonyeza mara mbili tatu kwa sekunde moja moja. Ukiiacha izunguke inasaga kokwa, na maji yanatoka mazito, meupe-meupe, yenye uchungu ambao sukari haiuondoi.

Bandika maji na hiliki hadi yatokote, epua, tia majani, funika kwa dakika nne, chuja. Subiri kidogo mvuke upungue, ndipo umimine maji ya komamanga mililita 150 na sukari. Usirudishe jikoni. Maji ya komamanga yakichemka, wekundu wake huvunjika kuelekea udhurungi na ladha mbichi ya tunda inageuka kuwa ya jamu. Ikipoa mno, pasha vikombe kwa maji ya moto badala ya kuipasha chai. Mdalasini kipande kidogo unakubalika. Karafuu isizidi moja kwa birika zima, na tangawizi siitii kabisa kwa sababu haibakizi kitu cha kuonja.

Tunda lenyewe lichague kwa uzito. La zito kwa ukubwa wake, lenye pembe-pembe badala ya mviringo wa mpira, limejaa maji. Rangi ya ganda hudanganya: mengine huwa mekundu nje na meupe ndani. Makomamanga ya Jabal Akhdar kule Oman, yakiwa msimu, ni matamu kiasi cha kuacha sukari. Aina ya Bhagwa kutoka India ina wekundu mkali, kokwa laini na uchachu mdogo. Ukipata machachu, punguza maji ya tunda hadi mililita 100, usiongeze sukari bila kikomo.

Nje ya msimu, kuna asali nyeusi ya komamanga inayouzwa kwenye maduka ya vyakula vya Kiarabu na Kituruki, ambayo ni maji ya tunda yaliyochemshwa hadi yakawa mazito. Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kinatosha. Viwili vinaifanya chai kuwa mchuzi. Chupa ya kweli ina kiungo kimoja tu, komamanga. Ikitangulia glukosi, umeshika sosi ya saladi.

Kwa majani, chai ya zambarau ya Kenya ndiyo mwenzi bora niliyeonja. Ni mche wa TRFK 306 uliotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa chai wa Kericho, na jani lake lina rangi za jamii ile ile iliyomo kwenye punje za komamanga. Itengeneze kwa nyuzi 80 hadi 85, dakika tatu. Kikombe kinatoka na rangi hafifu ya kijivu-zambarau, kisha ukitia maji ya komamanga asidi inaigeuza waridi. Ukakasi wake ni mdogo kuliko wa chai nyeusi, na kwa hiyo ule wa tunda unasikika vizuri.

Ya baridi: mifuko mitano ya chai ya kijani yenye ladha ya komamanga kwenye lita moja ya maji safi ya kunywa, iweke kwenye friji saa sita hadi nane, toa mifuko. Maji baridi huacha uchungu mwingi ndani ya jani, na hii ndiyo njia pekee inayoniridhisha kwa mifuko hiyo bila sukari. Ukianza na chai nyeusi ya moto kisha ukaitia friji, huenda ikafanya ukungu, kwa kuwa kafeini na tanini hushikana chai ikipoa. Chai zetu kali za Afrika Mashariki hufanya hivyo sana. Haina madhara, na kidogo cha maji ya moto huisafisha.

Maji ya komamanga yaliyobaki yagandishe kwenye trei ya barafu, vipande viwili kwa kikombe. Mifuko iliyofunguliwa ihamishie kwenye kopo la kufunika kabisa na uimalize ndani ya miezi miwili au mitatu. Lisikae kabati moja na karafuu na bizari. Chai hunyonya harufu ya jirani, na ladha ya komamanga haina nguvu ya kushindana na karafuu.