Pikipiki ya Honda VFR800 ya mwaka 2000, mtumba wa Uingereza: miezi kumi na nne, Dar mpaka Mbeya na foleni za kila siku

Wakuu habari, nimekuwa naulizwa sana kuhusu hii chuma, kila nikisimama sheli lazima mtu aje "bro hii inakimbia ngapi", sasa ngoja niandike mara moja yaishe. Inakimbia, ndiyo. Ila spidi siyo iliyonifanya ninunue na siyo itakayokusumbua wewe ukinunua.

Nilikuwa nataka pikipiki moja ya kufanya kazi mbili. Jumatatu hadi Ijumaa inipeleke kazini Tegeta mpaka Posta na kurudi, likizo inipeleke nyumbani Mbeya na mama watoto nyuma na begi. Hela ilikuwa ya pikipiki moja tu, na ilikuwa lazima iwe used maana mpya ya aina hii ni bei ya gari. Nikaanza kuzunguka, miezi mitatu nzima, kila dalali Dar ananijua.

Ya kwanza kuiona ilikuwa Yamaha FJR1300. Jamani ile ni basi. Tenki lita 25, haina cheni ina shafti, kwa hiyo habari za kupaka oili kila ukifika guest hakuna, siti kama kochi. Kama ungekuwa unasafiri tu, andika jina lako uchukue. Lakini ikijazwa mafuta inakaribia kilo 300, nikaijaribu pale Mwenge saa kumi na moja jioni katikati ya daladala na bajaji, nilipofika tu nikashuka nikamrudishia mwenyewe funguo nikamwambia kaka asante. Kuisukuma kurudi nyuma kwenye mchanga ni mazoezi ya jim. Nikaona na BMW moja ya R1150RT, nzuri sana kwa macho, ila ina breki za ABS za kusaidiwa na mota na ile yuniti ikifa utalia, nikaipita haraka. Za resi kabisa kama GSX-R sikuhangaika nazo, mgongo wangu una miaka 41.

Ndiyo nikafika kwenye VFR. Hapa sikiliza vizuri maana watu wanachanganya, wanaona jina moja wanadhani pikipiki moja. VFR800 iliyoanza 1998 mpaka 2001 ni injini ya V4 (silinda nne zilizokaa kama herufi V) ya cc 782, valvu zake zinaendeshwa na meno ya gia, hakuna taiming cheni ya kulegea. Ile ina mluzi wake, ukiisikia siku moja hutaisahau, kama cherehani iliyokunywa kahawa. Ya kuanzia 2002 wakaweka VTEC, yani kila silinda inatumia valvu mbili ukiwa taratibu halafu ukifika kama rpm 7,000 (mizunguko ya injini kwa dakika) zinafunguka zote nne, na wakarudi kwenye cheni. Ina watu wake, ule mruko ukifunguka ni mtamu, ila kuikagua valvu zake ni kazi ndefu na fundi atakulipisha hiyo kazi. Na mimi fundi wangu yuko Magomeni chini ya mwembe, hana maabara. Nikaamua ya zamani.

Niliyoipata ni ya mwaka 2000, nyekundu, imetoka Uingereza. Nilimpigia dalali usiku nikamwambia kaka kesho nakuja saa mbili, naomba sana usiiwashe mpaka nifike. Nimefika saa mbili kasoro, nikaweka kiganja kwenye injini, ya moto. Nikamwangalia. Akasema "aisee bosi tulikuwa tunaisogeza tu isipigwe jua". Saa mbili asubuhi, jua! Nikakaa pale kivulini saa moja na nusu nasubiri ipoe, akaniletea na soda. Unataka kuiona inavyowaka ikiwa ya baridi, inatoa moshi gani, inatikisika vipi. Ikishachemka hata mgonjwa anacheka.

Halafu kilomita. Kasema "imetembea elfu 38 tu mkuu, bado bikira". Kweli kwenye kioo inasoma 38 elfu na kitu. Ila hii ya Uingereza, namba inahesabu maili. 38,000 maili ni kama kilomita 61,000. Nikamuuliza kwa upole, hizi ni maili au kilomita? Akakaa kimya kidogo halafu akasema hizo ni hizohizo. Hapo bei ikaanza kushuka. Wala 61,000 siyo nyingi kwa hii injini, shida ni mtu kukuuzia maili kwa jina la kilomita. Alianzia milioni 13, tukamalizana kumi na laki tano.

Nilichokagua zaidi siyo injini. VFR hizi ugonjwa wake unajulikana, ni chaji. Nenda na mita yako ya kupima volti, ya elfu ishirini Kariakoo inatosha, weka kwenye betri, washa, pandisha mpaka kama rpm 5,000, unataka kuona volti 14 na kidogo. Ikisoma 13 kasoro, au ikipanda kupita 15, regyuleta (kile kifaa kinachodhibiti umeme wa chaji) inaaga. Hii yangu ilisoma 14.1, nikafurahi, nikalipa. Kosa langu: sikufunua siti nikaangalia konekta yenye waya tatu za njano zinazotoka kwenye jenereta. Kumbuka hilo, nitarudi.

Tairi nazo zilikuwa na meno mazuri kabisa, zinang'aa, nikainama nikasoma namba nne za pembeni: 1811. Maana yake wiki ya 18 mwaka 2011. Mpira umeshakuwa gumu kama ndala ya gereji. Weka bajeti ya tairi kwenye bei kabisa, mbele 120/70, nyuma 180/55, zote ringi 17, na za saizi hiyo huzipati kila duka kama za boxer, nyingine unaagiza unasubiri.

Haya, kwenye foleni ikoje. Sitakudanganya, Dar inaungua. Rejeta zake ziko ubavuni, moja kila upande, ukisimama kwenye mataa ya Tazara au Morocco dakika kumi feni inawaka na joto lote linakuja miguuni. Mama watoto mara ya kwanza alishuka pale Mwenge akasema "Baba Asha hii siyo pikipiki, hii ni jiko la mkaa", akapanda bajaji. Nikampa suruali nzito ya jinzi na buti, sasa anakubali ila jioni tu. Klachi yake ya haidroliki ni nyepesi, vidole viwili vinatosha, na kupenya katikati ya magari inapenya, usukani haujapanuka sana. Matuta yetu ndiyo adui, haya ambayo mtu kajitengenezea tu mbele ya nyumba yake, inabidi uende kwa kuikata pembeni taratibu ukiwa na mtu nyuma maana tumbo liko chini. Rasta nazo ukizipitia kwa haraka shokapu za mbele zinagonga. Kama barabara yako ya nyumbani ni vumbi na makorongo, achana na hii, tafuta TDM900 au V-Strom, usijitese.

Breki ngoja niseme, maana hapa ndipo nilipoliwa. Zimeunganishwa: ukibana ya mkono, ya nyuma nayo inakamata kidogo, ukikanyaga ya mguu, ya mbele nayo inashika. Barabarani ni raha, inatulia chini yote kwa pamoja. Ila kubadilisha mafuta ya breki na kutoa upepo kuna mpangilio wake wa nati ipi kwanza ipi baadaye. Nilimpa fundi mmoja (siyo wa Magomeni), mwenyewe alisema "breki ni breki kaka", siku mbili pedali inazama kama sponji, kanitafuna elfu themanini na mafuta chupa tatu. Mwishoni tulikaa mimi na fundi wangu na simu yenye manyuo (kitabu cha ufundi cha pikipiki), tukafuata mstari kwa mstari, masaa matatu yameisha.

Sasa safari. Desemba tulitoka saa kumi alfajiri ili tuyawahi malori kabla ya Kibaha. Chalinze bado giza, Morogoro tukanywa chai Msamvu na kujaza mafuta. Hapa ndiyo unaielewa hii pikipiki. Ukiwa gia ya sita inasukuma tu bila kelele, upepo unapita juu ya mabega, mikono haina uzito. Kuna kitu kimoja cha kuzoea: saa yake ya spidi namba kubwa ni maili na kilomita zimeandikwa vidogo kwa ndani. Vijijini kibao kinasema 50, tochi ya trafiki imejificha nyuma ya mwembe, wewe unaona sindano iko kwenye 50 unajipongeza kumbe unatembea themanini. Elfu thelathini yangu ilienda hivyohivyo Doma. Nimebandika utepe mwekundu pale kwenye 31, sasa naishi kwa amani.

Mikumi barabara inakatisha ndani ya hifadhi kama kilomita 50, bango la faini za kugonga wanyama lipo, nenda taratibu, twiga haulizi una V4 au una baiskeli. Ruaha Mbuyuni vitunguu, halafu Kitonga. Kitonga na hii pikipiki ni kama iliandikwa kwa ajili yake. Malori yanapanda mwendo wa mtu, unasubiri uone mbele, gia ya tatu, unafungua, umeshapita, haitapitapi. Na mtu nyuma na begi la kilo kumi na tano. Tulilala Mafinga, baridi ile ya Desemba yenye ukungu, mikono imekufa ganzi.

Asubuhi naiwasha, inazunguka kivivu. Nikatoa mita, volti 12.1 injini ikiwa inaunguruma. Moyo ukaenda. Fundi umeme wa pale stendi, kijana mdogo kabisa, kafunua siti, kavuta waya, akasema "mzee shikamoo, umeona hapa pameungua?" Ile konekta ya waya tatu za njano imeyeyuka imekuwa donge la kahawia, waya mmoja umekauka kama nywele iliyoungua. Kaikata yote, kazichomelea waya moja kwa moja kwa risasi, kazifunga, 14.0. Elfu kumi na tano. Nikampa ishirini na tano. Ningefunua siti siku ya kununua ningeiona, ilichukua sekunde thelathini.

Kurudi Dar nikabadilisha regyuleta yenyewe, nikaweka ya aina ya mosfeti ambayo haichemki kama ile ya zamani, na kamita kadogo ka volti kwenye usukani. Tangu hapo kimya, miezi tisa.

Mafuta: kwenda ilikula lita 47 kwa kilomita kama 830, ni kilomita 17 na nusu kwa lita, tenki la lita 21 ukipita 300 anza kutafuta sheli. Foleni inashuka mpaka 14, hapo ndiyo unaiombea EWURA mema kila Jumatano ya kwanza ya mwezi wakitangaza bei mpya za mafuta.

Kwa anayekaa mjini tu na safari anafanya mara moja kwa mwaka, mi ningemwambia asinunue, chukua kitu cha cc 400 au 500 upumue. Kwa anayesafiri kila baada ya miezi miwili mitatu na njia yake ni lami, sijaona cha bei hii kinachoifikia. Saa hizi cheni inaelekea mwisho, spoketi ya nyuma meno yamekuwa kama ya papa, nimeagiza seti nzima na kakangu anakuja nayo mwezi ujao kutoka Birmingham kwenye begi la nguo.